Sindano ya jicho Malindi: dawa naisifu, mapokezi hapana

Jicho langu la kushoto lilianza kuingia ukungu katikati, mistari ya msahafu ikawa inapinda. Mie ni mshona kofia hapa Lamu, kazi ya vitobo vidogo vidogo, bila jicho sina riziki. Daktari mmoja Malindi akanieleza kuwa mshipa unaorudisha damu kutoka jichoni umeziba, maji yamevuja, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevimba, na presha ya damu inachangia. Akanidunga steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe iitwayo triamsinoloni, ndani ya jicho lenyewe. Matone ya ganzi, ayodini, kisha ni kama umesukumwa kwa kidole, basi. Vidoa vikaelea mbele yangu siku kadhaa, vikaisha. Baadaye mistari ikanyooka. Wallahi nilimwombea dua daktari yule.

Lakini steroidi hiyo huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na mara nyingi wala huhisi kitu. Isiposhushwa, inakula neva ya jicho, na kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana niliambiwa nirudi nipimwe. Nikavuka alfajiri kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nikapanda basi, nikafika Malindi mgongo umekufa. Dada wa mapokezi, hata salamu hakuitikia: "Kipimo kimeharibika." Tangu lini? Tangu wiki iliyopita! Na namba yangu ya simu wanayo. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, bila kuinua uso, "Mzee, kwani jicho linakuuma? Kama haliumi, nenda nyumbani."

Ukumbi mzima ukasikia. Watu wazima wenzangu wamekaa pale, wengine wameshikwa mkono na wajukuu, na wote wamefundishwa kwamba jicho lisiloumwa ni zima!

Nilipimwa kwingine. Presha ya jicho ilikuwa juu. Sasa natia matone asubuhi na jioni, imeshuka, alhamdulillahi.

Niliapa sirudi. Ila nguvu ya dawa huisha baada ya miezi, uvimbe huweza kuanza upya, na mkono wa daktari yule ni mwepesi, sijui nitampata wapi mwingine. Basi nitarudi kwake. Tena hapana, mbona nimtetee? Mlango ni wake, na anayekaa mlangoni kamweka yeye. Mkienda, pigeni simu kwanza mulize kama kipimo cha presha ya jicho kinafanya kazi, na mkifika msikubali kuondoka hamjapimwa.