Dari ya Plastiki kwa Chumba cha Chini: Tathmini Baada ya Kupitiwa na Masika

Nyumba yetu ya mtaa wa Tudor, Mombasa, imejengwa kwenye mteremko unaoelekea baharini, na chini yake kuna chumba cha mita 5 kwa 3 kilichozama nusu ardhini, ambacho mke wangu hukitumia kwa ushonaji. Zege la juu lilikuwa likidondosha mchanga juu ya vitambaa, kwa hiyo dari ilihitajika, na fedha zilikuwa chache. Dari ya kwanza ilikuwa ya jipsamu. Ilipendeza hadi mwezi wa Mei, bomba la bafu la ghorofani lilipoanza kutoka jasho, ikavimba na kuota koga.

Safari hii tulichukua mabamba ya plastiki yenye upana wa sentimita 25, urefu wa mita 5.8 na unene wa milimita 8. Yalihitajika 12; nilinunua 13, na fundi akaharibu moja kama nilivyotarajia. Hukatwa kwa msumeno wa chuma, hushikana kwa ulimi na mfereji (ukingo wa bamba moja huingia katika mfereji wa jingine), na hufungwa kwa skrubu kwenye fito za inchi 2 kwa 1 zilizolazwa juu ya zege lenyewe, hivyo dari nzima imeshuka kwa chini ya sentimita 4, jambo kubwa katika chumba ambacho mtu mrefu tayari huiinamia taa. Masika yamepita na hakuna bamba lililovimba.

Ubaya wake ni ugumu wa kuifungua. Kwa kuwa kila bamba hulifunga lililotangulia, anayetaka kufikia bomba la katikati hulazimika kuanza kubandua ukutani. Fundi alitaka kufunika kila kitu. Nilishikilia aache kifuniko chini ya koki, na koki ilipovuja mwezi uliopita, hatukugusa bamba hata moja.

Duka la Mwembe Tayari lililoniuzia lilichanganya mabamba meupe na yenye umanjano kidogo, tofauti tuliyoiona taa zilipowashwa, na muuzaji akakataa kuyapokea kwa kuwa yalikuwa yamekatwa. Yapangwe yote sakafuni kwanza. Tena yasiwekwe juu ya jiko, kwani plastiki hii ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Jirani yangu alipaka zege lake chokaa na kuacha mabomba wazi, kwa gharama ndogo kuliko yangu. Kwa stoo ningemfuata. Lakini chokaa nayo hupukutika, na vitambaa ni vya wateja.