Dakika tatu za daktari au vibandiko vya nikotini?

Ushauri wa daktari wa kuacha sigara karibu ni bure: dakika 3 na maneno. Kasoro yake, katika wavutaji 100 huongeza waachaji 1 hadi 3 tu. Ila zahanati hupitiwa na watu wengi, na hesabu hukua.

Vibandiko, vinavyobandikwa kwenye ngozi na kupunguza hamu ya sigara, vina nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani liliweka tiba hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Tatizo ni bei. Mvutaji wetu hununua sigara moja moja kwa Mangi mwenye duka, akawashia kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani. Tuseme shilingi 200 mara tano kwa siku: 365,000 kwa mwaka, wala hasikii. Mdai pesa ya vibandiko vya wiki 8 kwa mpigo, atakimbia. Kwa fedha za umma, ningeanza na ushauri, vibandiko niwape waliojaribu wakashindwa.