Taa kuukuu ya kuning'inia: rangi ipi ununue, na shanga zipi

Ile taa ya mikono mitano au sita, ambayo watu wa pwani huiita thurea, ikiwa imelala stoo tangu mlipohama, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nimeshazifufua kadhaa hapa Jinja, Uganda, nyingine nzuri, nyingine za kuchekwa, na karibu kila kosa langu lilianzia dukani, nilipokuwa nanunua, kabla hata sijashika brashi.

Kwa mwenye haraka: katika rangi, ya kwanza ni ya kupuliza ya kopo, ya pili ni ya magari, ya tatu ni ya mafuta, na ya ukutani usiiguse. Katika shanga, za karatasi zinaongoza, zinafuata za akriliki, kisha za kioo, na lulu za plastiki ziko mkiani. Ila pesa yako isianzie huko. Ianzie kwenye waya.

Umeme wetu ni wa volti 240, na taa ya chuma yenye waya uliopasuka ngozi inaweza kuua mtu anayefuta vumbi. Ng'oa waya wote wa zamani. Nunua mpya wenye nyuzi tatu, na ule wa kijani na manjano, yaani wa ardhi, ufungwe kwenye mwili wa taa. Taa nyingi za zamani hazina kabisa. Nunua pia vishikizo vipya vya balbu. Vile vyembamba vya mfano wa mshumaa hupendeza, lakini balbu yake ikiungua utazunguka mji mzima. Vya pini au vya kuzungusha vya kawaida, balbu utaipata hata kwa jirani mwenye kiosko. Na balbu ziwe za LED. Balbu sita za zamani za wati 40 zinakula wati 240. Sita za LED za wati 5 zinakula 30. Mimi lakini sizipendi kwa ajili ya bili tu. Balbu ya zamani huchoma, na joto hilo ndilo linaloamua ni shanga gani unaweza kutundika na ni zipi zitakuunguzia nyumba. Kama hujui kufunga waya, mlipe fundi umeme, hapo usibane.

Kitu cha mwisho kabla ya rangi ni sumaku, hata ile ya spika mbovu. Iguse taa. Ikinasa, ni chuma, endelea. Isiponasa na taa ni nzito, kwarua kidogo mahali pasipoonekana: ukiona unjano mpaka ndani, hiyo ni shaba nyeupe, yaani brass. Tafadhali usiipake rangi! Isugue kwa limau na chumvi, ioshe, ikaushe, uongeze shanga tu. Ikiwa nyepesi kama kikombe cha plastiki, basi ni plastiki iliyopakwa dhahabu, na mimi singeipotezea muda.

Sasa rangi. Ya kupuliza inashika nafasi ya kwanza kwa sababu taa hizi zina mikunjo, majani na maua ambayo brashi haifiki. Kopo la mililita 400 linatosha kupiga taa ya ukubwa wa kawaida mikono miwili hivi, yaani kuipaka yote mara mbili, kwa hiyo nunua moja la msingi wa kuzuia kutu na mawili ya rangi yenyewe, yote mawili kwa siku moja na kutoka kwa kampuni moja, maana nyeusi ya hapa si nyeusi ya pale. Dukani, likague kopo kabla ya kulipa: tako lisiwe na kutu, kitufe cha juu kisiwe kimeganda rangi, na ukilitikisa usikie gololi ikigonga. Lisilogonga, rangi imeganda chini. Jihadhari pia na ile ya dhahabu inayong'aa kama kioo kwenye kifuniko. Inapendeza siku ya kwanza, halafu kila ukiishika inabaki vidoleni. Nyeusi isiyong'aa na nyeupe ya maziwa ndizo zinazosamehe makosa ya mpakaji.

Kupuliza kwenyewe hakuna siri. Osha mafuta kwa sabuni na maji moto, piga msasa, ziba vishikizo kwa gazeti, tundika taa kwenye tawi la mwembe, simama umbali wa kama sentimita 25, na piga mikono mitatu myembamba badala ya mmoja mnene unaochuruzika. Usifanye hivyo jioni ya mvua za Aprili au Oktoba, kwani unyevu huifanya rangi ipauke kama imepakwa majivu.

Rangi ya magari ni ngumu zaidi na hudumu zaidi. Naiweka ya pili kwa sababu moja tu: huwezi kuipiga mwenyewe bila pampu ya upepo. Lakini kuna ujanja. Nenda kwa mafundi wa gereji na taa yako ikiwa tayari imeshapigwa msasa, uulize wana gari la rangi gani wiki hii. Wangu aliniambia, "Mama, ilete Ijumaa, kuna Noah nyeupe inaingia." Taa ilipigwa kwa rangi iliyobaki kwenye bunduki ya kupulizia, na nililipa kama bei ya soda chache. Ukija na rangi yako mwenyewe ya kuchanganywa, bei inakuwa ya gari.

Rangi ya mafuta kwa brashi ni ya mwenye subira. Inafaa taa za chuma kinene zisizo na maua mengi. Izimue na tina, tumia brashi ndogo, na iache siku nzima kati ya mkono na mkono. Yangu ya kwanza nilipaka hivyo bila msasa, na baada ya miezi michache ilibambuka kama ngozi ya nyoka, vipande vinaanguka kwenye chai ya wageni. Ya ukutani, ile ya maji, haishiki chuma, na maji yake huamsha kutu chini kwa chini. Muuza duka atakwambia inafaa. Ana makopo mengi ya kumaliza.

Kwenye shanga ndipo Uganda inapotupa faida ambayo wengine hawana. Shanga za karatasi hutengenezwa hapahapa: karatasi ya kalenda au bango hukatwa vipande virefu vya pembetatu, huzungushwa kwenye sindano nene, hugundishwa, kisha huchovywa vanishi na kuanikwa. Wanaojulikana zaidi kwa kazi hii ni kina mama wa Acholi Quarter, upande wa Kireka, Kampala, waliokimbia vita vya kaskazini na wengi wao wakaanza maisha mjini kwa kuponda mawe ya machimbo. Ukinunua kwao moja kwa moja utapata bei ya kibinadamu. Kwenye vibanda vya sanaa nyuma ya National Theatre na vile vya Buganda Road utapata rangi nyingi zaidi, ila bei ya kwanza utakayotajiwa ni ya mtalii. Sema mapema: "Dada, sitaki mkufu, nataka shanga tupu." Ukilipia mkufu unalipia na ndoano na kamba usizozihitaji.

Ukizishika, lowesha kidole usugue. Rangi ikitoka, vanishi haikutosha. Zikinata, hazijakauka, na vumbi litazikalia milele. Angalia tundu liwe wazi pande zote mbili. Nazipa namba moja kwa sababu ni nyepesi mno, taa haiongezeki uzito. Lakini ni karatasi. Hapa balbu ni za LED tu, bila mjadala.

Hesabu kabla ya kwenda. Taa ya mikono sita, mnyororo wa sentimita 40 kutoka mkono hadi mkono, ni mita 2.4, ukifanya ngazi mbili ni 4.8. Shanga ya sentimita 2 inahitajika 240. Ongeza vishada sita vya sentimita 15, kimoja chini ya kila mkono, hizo ni 45. Nunua 320, kwa sababu kumi zitapotea chini ya kochi na rangi ileile hutaikuta ukirudi. Zifunge kwa waya mwembamba au nailoni ya wavuvi, si uzi wa kushonea.

Akriliki inang'aa na haivunjiki, na ina uzito usiofika nusu ya kioo. Inafaa nyumba yenye watoto warusha mpira. Kioo ndicho kizuri kuliko vyote usiku, lakini ni kizito na ghali. Ninakinunua tu kama taa ilikuja na matone yake ya asili na mawili matatu yamepotea. Yale ya zamani yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu na siki kidogo, yatarudi. Lulu za plastiki nilizinunua kwa mpambaji wa harusi. Ngozi ya lulu ilichunika yote, zikabaki kama mbegu za papai.

Kwa sisi wa kando ya ziwa kuna jambo jingine: vijidudu vya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, hufuata mwanga kwa mawingu, na Novemba wanakuja nsenene, wale panzi wa kuliwa. Shanga zilizobanana hugeuka kaburi lao. Acha nafasi ya kidole kati ya mnyororo na mnyororo, na kila mnyororo uwe na kitanzi cha kuuvulia ili uufute.

Dari ya jipsamu haibebi taa hii, hata muuzaji akiapa. Ndoano iingie kwenye boriti au zege. Nikishaifunga, huning'iniza mfuko wa mchanga wenye uzito mara nne ya taa, nalala. Asubuhi ndoano ikiwa haijapinda, ndipo naita fundi umeme.