Olanzapini: inatuliza haraka, inaongeza kilo haraka

Kwa kunyamazisha sauti anazozisikia mgonjwa peke yake na kumrudishia usingizi, olanzapini ni dawa ya kutegemewa, na imekuwa hivyo tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Kwenye mizani sifa hiyo inageuka: katika dawa zinazotumika sana kutibu saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, ni klozapini tu inayonenepesha kiasi hicho.

Chanzo ni vipokezi inavyovishika, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali za mwili. Saikosisi hutulizwa hasa kwenye kipokezi cha dopamini, D2. Lakini dozi inayotosha kuziba D2 huwa tayari imekwisha kuziba H1 cha histamini, kilekile kinachozibwa na dawa za mzio zinazoleta usingizi. H1 kikizibwa kwenye hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza njaa, njaa huongezeka. 5-HT2C cha serotonini nacho kikizibwa, kushiba huchelewa. Kumwambia mgonjwa huyu "jizuie kula" ni kumwonea. Olanzapini huziba pia M3, kipokezi kinachosaidia kongosho kutoa insulini, kwa hiyo sukari inaweza kupanda hata kabla ya uzito.

Ukizipanga dawa hizi kwa nguvu ya kushika H1, unapata karibu mpangilio uleule wa unene: klozapini na olanzapini juu, kwetiapini na risperidoni katikati, lurasidoni na haloperidoli chini. Haloperidoli, hata hivyo, hukakamaza misuli.

Uzito na kiuno vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Uzito urudiwe wiki ya 4, 8 na 12, kisha kila miezi 3. Sukari na mafuta ya damu, mwanzoni, wiki ya 12, halafu kila mwaka. Aliyeanza na kilo 60 akifika 63, yaani asilimia 5, amwone daktari mapema, maana kuzuia kilo ni rahisi kuliko kuzishusha. Metformini, dawa ya kisukari, husaidia: huanzwa na miligramu 500 pamoja na chakula, ikipandishwa taratibu ili isivuruge tumbo, baada ya figo kupimwa. Vidonge vya olanzapini na samidofani, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hupunguza ongezeko la uzito, ila havimfai anayetumia dawa za maumivu za jamii ya mofini.

Kwa mwenye kisukari anayeanza matibabu, olanzapini isiwe chaguo la kwanza. Anayeitumia tayari asiiache ghafla: kubadilisha dawa hufanywa na daktari, ya zamani ikipunguzwa huku mpya ikipandishwa, la sivyo usingizi hukatika na sauti zinaweza kurudi.