Kwa Madam, Kondele: Ofisi ya Ritani Inayokudai Karatasi Mwezi Machi

Waajiriwa wengi wa Kisumu huiahirisha kazi ya kuwasilisha ritani ya ushuru, yaani taarifa ya mapato ya mwaka na ushuru wake, hadi wiki ya mwisho ya Juni, na matokeo yake yanajulikana: saiba za Kondele na za katikati ya mji hufurika, mtandao wa iTax, ambako ritani huwasilishwa, huwa mzito kwa kuwa nchi nzima imeuingia kwa wakati mmoja, na vijana wa saiba hubofya harakaharaka ili foleni isonge. Ofisi ninayoitathmini hapa haiufuati msimu huo. Iko ghorofa ya kwanza katika jengo moja la maduka upande wa Kondele, haina kibao mlangoni, na wateja wake huiita tu "kwa Madam", kwa sababu mwenyewe ni mhasibu mstaafu ambaye hakutaka kukaa nyumbani. Baada ya kuitumia kwa ritani zangu za misimu kadhaa, naona kwamba ada yake ni halali kabisa kwa mteja wa aina fulani, na kwamba mteja wa aina nyingine hana haja hata ya kupanda zile ngazi.

Nianze na huyu wa pili. Mtu aliyeajiriwa mahali pamoja mwaka mzima, asiye na pato lingine wala mkopo wa nyumba, ana karatasi moja tu ya kushughulikia, nayo ni fomu ya P9 yenye mshahara na makato yake ya kila mwezi, ambayo mwajiri humpa baada ya mwaka kuisha. iTax yenyewe haitozi chochote, na anayeogopa kompyuta anaweza kwenda kwenye dawati la KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, katika Huduma Centre ya Kisumu akasaidiwa bure. Madam halifichi jambo hili. Nilimsikia akimwambia muuguzi mmoja kijana, aliyekuja na P9 yake imekunjwa ndani ya kitabu, "Mwanangu, hii unaiweza mwenyewe. Kaa hapo, ukikwama uniite." Muuguzi akalipia matumizi ya kompyuta peke yake na kwenda zake.

Kinachoitofautisha ofisi hii na nyingine ni jinsi inavyozichukulia tarehe. Karibu kila mtu anaijua Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia, ambayo mwajiriwa akiipita hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa zaidi. Wachache sana wanajua kwamba ushuru wenyewe uliosalia, kama upo, ulipaswa kulipwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya hapo. Anayeketi mbele ya kompyuta Juni 29 na kugundua kwamba anadaiwa huwa amekwisha kuchelewa hata kama ritani yake itaingia kwa wakati, kwa sababu deni hilo limeshavuta adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Ndiyo maana Madam huwatumia wateja wake ujumbe Machi inapoanza, akiomba P9 na karatasi nyingine zote, na asiyeleta hupigiwa simu yenye ukali wa mama aliyekutuma dukani ukakawia. Kuna wanaoudhika na simu hizo. Mimi nazihesabu kuwa sehemu ya huduma ninayoilipia.

Faida ya mapema hiyo huonekana zaidi kwa watu wenye P9 mbili, na hapa mjini ni wengi: walimu wanaofundisha chuo jioni, wauguzi wanaoshika zamu katika zahanati za watu binafsi, wahasibu wa shule mbili. Chukua mwalimu ambaye mapato yake yanayotozwa ushuru ni shilingi 40,000 kwa mwezi katika shule ya mchana na 25,000 katika chuo cha jioni. Iwapo kila mwajiri atamkokotolea kana kwamba yeye ndiye mwajiri wa pekee, shule itamkata takriban 4,383 na chuo 250 tu, kwa kuwa kila upande umetumia upya kiwango cha asilimia 10 kwa zile 24,000 za kwanza na kumpa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye ushuru wake. Sheria hata hivyo inamtambua mtu mmoja mwenye nafuu moja. Zile 65,000 zikiwekwa pamoja, ushuru wake halisi ni kama 11,883, kwa hiyo kila mwezi kuna 7,250 ambazo hazikukatwa, na mwaka ukiisha zimekuwa 87,000. Mwajiri hakuiba wala mwalimu hakuficha kitu. Hesabu ilifanywa katika ofisi mbili zisizojuana. Akijulishwa Machi, mwalimu huyo ana wiki kadhaa za kutafuta pesa. Akijulishwa mwishoni mwa Juni, adhabu ya kuchelewa kulipa peke yake ni 4,350, mbali na riba. Madam humwandikia mteja wa namna hii barua fupi ya kumpelekea mhasibu wa ajira ya pili, ili asipewe tena nafuu huko, na nilifahamu kutoka kwa wateja wenzangu pale kwenye benchi kwamba barua hiyo ndiyo wanayoithamini kuliko ritani yenyewe.

Usomaji wake wa P9 unastahili kuelezwa. Huilaza karatasi mezani, huweka rula chini ya mstari wa Januari, huishusha mwezi baada ya mwezi huku akijumlisha kwa kikokotoo cha zamani chenye vitufe vikubwa, kisha hulinganisha jumla yake na iliyochapishwa na mwajiri. Halafu hufungua iTax kuona ni nini mwajiri aliripoti chini ya PIN, yaani nambari ya mlipa ushuru, ya mteja. "Mwalimu, hapa Agosti na Septemba pako wapi?" aliwahi kumuuliza mzee mmoja aliyefundisha shule ya kibinafsi, na ikawa P9 inaonyesha makato ya miezi hiyo ilhali mfumo hauyaonyeshi. Mzee alikuwa na muda wa kumrudia bwana fedha wa shule kabla ya Aprili kuisha. Kijana wa saiba angeziingiza tarakimu za karatasi kama zilivyo, na mgogoro ungemfikia mzee baadaye kwa barua pepe asiyoifungua.

Ukaguzi huo umekuwa na maana zaidi tangu sheria ilipobadilishwa Desemba 27, 2024. Michango ya SHIF, yaani mfuko wa bima ya afya ya jamii, na ushuru wa nyumba za bei nafuu sasa hutolewa kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa, na kiwango cha juu cha mchango wa pensheni usiotozwa ushuru kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Mwajiri mdogo anayeandaa P9 kwa fomu ya kale aliyoihifadhi kwenye kompyuta anaweza kumkata mfanyakazi zaidi ya anavyopaswa, na mfanyakazi asijue kwamba ana haki ya kudai kurudishiwa.

Karatasi nyingine anazoziomba ni cheti cha bima ya maisha kwa wanaolipa, kwa ajili ya nafuu ya asilimia 15 isiyozidi 60,000 kwa mwaka, na taarifa ya benki kwa wenye mikopo ya nyumba. Kwa wanaoitwa kuendesha mafunzo ya wikendi na kukatwa asilimia 5 wanapolipwa, yeye husisitiza kwamba makato hayo hayamalizi kazi: pato hilo ni lazima liingie katika ritani, na kile kilichokatwa kihesabiwe kama ushuru aliokwisha kulipa. Habari za kodi ya nyumba nazo huchanganya wengi. Mwenye kupokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutoka kwa wapangaji wa makazi hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini mwenye vyumba vitatu Mamboleo vinavyomletea 19,500 kwa mwezi yuko chini ya kiwango hicho, na kodi yake huingia katika ritani ya mwaka pamoja na mshahara, baada ya gharama kutolewa.

Jambo moja ambalo ofisi hii haikubali ni kumjazia ritani ya sufuri mtu mwenye P9. Ritani hiyo ni ya mwenye PIN asiye na pato, kama vile mwanafunzi au kijana ambaye hajapata kazi, ila katika saiba za haraka hutolewa kwa yeyote aliye na shilingi mia na foleni nyuma yake. Wateja waliofanyiwa hivyo kwingine huja kwa Madam kurekebisha, na marekebisho hayo huchukua muda mrefu kuliko ritani mpya.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Msaidizi wa mapokezi huwa na daftari ambamo huandika nywila za iTax za wateja, eti ili wasisumbuliwe mwaka ujao. Sioni sababu yoyote ya kuliruhusu hilo. Anayeishika nywila yako anaweza kubadilisha ritani yako na anwani yako ya barua pepe. Nilipokataa hawakubishana nami, wakanigeuzia kibodi niiandike mwenyewe, lakini mteja asiyejua kukataa ataandikwa. Chumba pia ni kidogo, benchi linatosha watu wanne, na mazungumzo ya mshahara wako yatasikika na jirani. Risiti ya ada hutolewa ukiidai. Kuanzia katikati ya Juni hawapokei mteja mpya, jambo linalowakera watu wanaofika na karatasi zao mkononi, ingawa sioni jinsi kazi ya rula na kikokotoo ingefanyika kwa umati.

Ada niliyolipa safari hii ni shilingi 800 kwa P9 mbili, na mwenye kodi ya nyumba au biashara huongeza kulingana na wingi wa karatasi. Kwa pesa hiyo utaondoka na risiti ya iTax ya kuthibitisha kwamba ritani imepokelewa, pamoja na ukurasa mmoja wa hesabu ulioandikwa kwa mkono. Ikiwa unadaiwa, utapewa nambari ya malipo na utalipa mwenyewe kwa simu kupitia Paybill 222222, kwani ofisi haigusi pesa za ushuru za mteja. Migogoro na KRA haishughulikiwi pale. Aliyepokea kutoka KRA makadirio ya ushuru asiyokubaliana nayo ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na Madam humkabidhi faili lake siku hiyohiyo ampelekee ajenti wa ushuru aliyesajiliwa.