Paipu za rejeta kwa Land Rover yenye injini ya Isuzu: uzoefu wangu Kirinyaga Road

"Ni ya gari gani?" Kila duka la spea Nairobi huanza na swali hilo, na mimi kwa wiki tatu nzima nilikosa jibu lake. Nikisema Land Rover, naletewa paipu inayoingia kwenye rejeta vizuri lakini haielekei kwenye injini. Nikisema Isuzu, naletewa inayokaa kwenye injini sawasawa, kisha kwenye rejeta haifiki.

Gari lenyewe ni pikapu, Land Rover 109 ya Series III, aliyoniachia marehemu baba. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilipopasuka bloku, niliitia 4JA1, dizeli ya Isuzu ya lita 2.5, ile iliyokuwa kwenye pikapu za TFR. Niliichagua kwa sababu pikapu hizo ziliunganishwa hapa hapa Nairobi, spea zake zimejaa, na hakuna fundi asiyeijua. Maunti, yaani vishikizo vya injini, zilichomelewa, giaboksi ikakubali, namba mpya ya injini nikaibadilisha kwenye logbook kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kazi yote hiyo ikaja kukwama kwenye vipande viwili vya mpira.

Duka la kwanza liliniuzia paipu ya mikunjo, ile yenye waya ndani ambayo muuzaji huipinda mbele ya macho yako kukuonyesha kwamba inakubali kila kona. Nililipa shilingi 900 nikashukuru. Mkononi kweli inapinda. Ndani ya boneti ni habari nyingine. Paipu ya namna hiyo hutaka kurudi kunyooka, kwa hiyo muda wote inavuta midomo ya pande zote mbili, na ukiilazimisha kona kali inajikunja katikati na kubana njia ya maji. Zaidi ya hayo, mdomo wa rejeta yangu ni milimita 38 na wa injini, pale kwenye nyumba ya themostati (vali inayofunguka maji yakipata joto), ni 32. Tulikaza klipu mpaka mpira ukafanya mikunyanzi, na penye mkunyanzi maji hupata upenyo.

Mjini haikuonyesha ubaya wowote. Siku niliyoteremka Mai Mahiu, kule chini kwenye Bonde la Ufa, nikapakia viazi, nikaanza kupanda kurudi, ndipo geji ya joto ilipoamka. Nilisimama karibu na kile kikanisa kidogo walichokijenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Paipu ya juu ilikuwa imechomoka nusu. Nilingoja karibu saa mbili injini ipoe.

Wenzangu wa huku juu, jambo hili tusilichukulie kirahisi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 tu, hayafiki 100. Ukipanda Limuru yanachemka mapema zaidi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta: cha 0.9 bar hubana maji yasichemke mpaka yazidi nyuzi hizo kwa 20 hivi. Lakini kifuniko hakina msaada paipu ikivuja, kwa sababu shinikizo lote linatokea pale penye tundu.

Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries ndiye aliyenifundisha cha kufanya. Alichukua waya wa kuchomelea, akaupinda kutoka katikati ya mdomo wa rejeta hadi katikati ya mdomo wa injini, akaukwepesha na feni kwa upana wa vidole vitatu, akaukwepesha na ukanda, kisha akaukata. Akatengeneza wa pili kwa paipu ya chini. Kwenye kila ncha akafunga karatasi yenye kipimo cha mdomo, kikichukuliwa kwa nje, kwenye chuma. Akaniambia niende Kirinyaga Road asubuhi, kabla maduka hayajajaa, na nisitaje jina la gari lolote.

Nilipita maduka manne. Matatu yaliuliza swali lile lile. La nne ni chumba chembamba, ukuta mzima umening'inizwa paipu nyeusi kama mikungu ya ndizi, nyingine zimefungwa kwa kamba darini. Mama mwenye duka aliutazama waya wangu, akaupokea, akaugeuza mara mbili.

"Mzee, keti hapo. Hii tutaitafuta kwa umbo."

Akaanza kushusha moja moja na kuzilinganisha na waya. Hakutafuta paipu nzima inayofanana nao, na hapo ndipo nilipoona ujuzi wake. Alitafuta paipu ndefu ambayo mahali fulani katikati yake zipo kona mbili zinazofuatana kama zangu, halafu akaweka alama kwa chaki mahali pa kukata. Kijana wake naye alikuwa anapima midomo kwa kaliba. Ilichukua karibu saa nzima, wateja wengine wakihudumiwa katikati, na hakuna aliyeniharakisha. Ya juu niliipata kwa shilingi 1,300: mpira uliotengenezwa kwa umbo lake kiwandani, una nyuzi ndani, na baada ya kukatwa ncha moja ilikuwa pana kuliko nyingine kwa kiasi nilichohitaji.

Siandiki ilikuwa ya gari gani, na ninayo sababu. Mtu mwenye Land Rover kama yangu na injini kama yangu, lakini maunti zake zimechomelewa inchi moja mbele, ataipeleka nyumbani na haitamfaa. Nendeni na waya wenu.

Ya chini ilitupa kazi zaidi. Paipu ya chini iko upande ambao pampu inavuta maji, kwa hiyo injini ikikimbia mpira laini unaweza kunywea ndani kama mrija wa soda, na geji inapanda ilhali maji yapo tele. Mama huyo alinieleza hivyo kabla sijauliza, akanitafutia yenye springi ndani. Haikupatikana ya umbo langu. Badala ya kuniuzia ya kubahatisha, alinishauri nichukue vipande viwili vifupi vyenye kona, vyenye springi, vigumu, vya shilingi 700 kila kimoja, katikati niunge kwa bomba la chuma. Hilo bomba nilitengenezewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji kwa 600. Nilisisitiza ncha zake zitiwe ukingo ulioinuka kuzunguka bomba, maana bomba laini lisilo na ukingo huachia mpira likipata joto na shinikizo. Mpira wa pande zote mbili ni lazima: injini hutikisika juu ya maunti zake, rejeta haitikisiki, na bomba la chuma tupu lingeipasua rejeta mdomo.

Kwenye kufunga, tulipaka maji ya sabuni ili mpira uteleze. Fundi alimzuia kijana aliyekuja na oili, kwa sababu oili huvimbisha na kulainisha mpira wa aina hii. Klipu zikakaa nyuma ya ukingo, si juu yake. Tukawasha, injini ikapata joto hadi themostati ikafunguka, tukazima, ikapoa, tukakaza tena nusu mzunguko. Kukaza huko kwa pili watu wengi hukusahau.

Wiki iliyofuata nilirudi Mai Mahiu na mzigo mzito kuliko ule wa kwanza. Nilipanda gia ya pili, dirisha wazi, macho kwenye geji. Sindano ilifika katikati ikabaki hapo mpaka juu. Nilisimama mahali pa kuangalia bonde nikagusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kikavu. Nilimkumbuka baba wakati huo, maana barabara ile ndiyo aliyonifundishia kuendesha.

Sasa ni miezi kumi na minne, na sijaongeza maji ila mara moja, nilipobadilisha kulanti, yale maji ya kupozea injini.

Malalamiko niliyo nayo kwa duka ni mawili. Paipu ikishakatwa hairudishwi, hata kama kosa la kipimo ni la chaki yao. Niliona mteja mwingine akikataliwa mbele yangu na sikupendezwa. Pili, risiti ni mpaka uidai. Egesho la gari Kirinyaga Road ni taabu, lakini hilo si kosa lao. Panda matatu, waya wenyewe unaingia kwenye mfuko wa unga.

Paipu ya mikunjo sitaitumia tena isipokuwa kufika nyumbani. Za silikoni niliziangalia pia. Ni nzuri na zinastahimili joto sana, ila kwa kona zangu ningehitaji kuunganisha vipande vitatu, na bei ingekuwa mara nne ya niliyolipa.

Juzi nilirudi kwa mama yule na waya ule ule, nikanunua paipu ya juu ya pili. Safari hii alichukua dakika kumi, kwa sababu alikumbuka umbo. Iko nyuma ya kiti pamoja na klipu nne, bisibisi na mtungi wa maji wa lita tano.