Ndege ya pili ya rimoti: nimechukua ya bawa la chini, uzoefu wangu Mikindani, Mtwara

Wakuu, wengi waliniambia ukishaiva kwenye ile ndege ya kujifunzia unachukua yoyote roho inapenda, mi nasema sivyo. Yangu ya kwanza ilikua ya bawa la juu (bawa limekaa juu ya mwili), chaneli 3, yaani rimoti inaongoza vitu vitatu tu, haina aileroni, vile vibao vya kwenye bawa vya kuilaza upande, inageuka kwa mkia tu, ukibabaika unaachia stiki inajinyoosha yenyewe kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Nikajiona rubani.

Moyo ulikua kwenye Spitfire, ile ya Waingereza ya vita ya pili. Kilichoniokoa ni miguu yake. Inajikunjia nje, kwa hiyo ikiwa chini magurudumu yamekaa karibu karibu, na mi narushia ufukweni maji yakishakupwa, mchanga ni mgumu ila una vimifereji, si ingekua inalalia bawa kila ikitua. Nikaachana nayo, nikachukua ya spoti, povu la EPO (aina ya povu gumu linalonepa), bawa la chini, upana kama mita 1.1, matairi manene. Laki tano na ushee mpaka inashuka kwenye basi la kutoka Dar.

Sasa hapa sikilizeni maana ndo palinilia hela. Hizi nyingi zinakuja na mota na servo tu (vimota vidogo vya kusogeza vibao vya bawa na mkia), risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti hamna, betri hamna, na rimoti yangu ya zamani ni ya chaneli 3 wakati hii inataka 4 au zaidi, basi nikaingia tena mfukoni nikachukua ya chaneli 6 na risiva inayoelewana nayo. Kabla hujalipia ndege angalia rimoti yako kwanza.

Siku ya kwanza niliiua mwenyewe. Betri yangu ya 3S 2200 (seli tatu, mAh 2200) ni nene, haikuingia mpaka mbele, nikairudisha nyuma kama vidole viwili nikasema itajulikana huko huko. Kijitabu kimekuonyesha sehemu ya kushika chini ya bawa kupima mizani, unaiinua kwa ncha za vidole, mkia ukishuka usirushe. Mkia ulishuka, nikarusha. Ikanyanyua pua, ikasimama hewani, ikalalia bawa la kushoto mpaka chini, watoto wote woooi! Uzuri EPO inakubali supagluu, lile povu jeupe la maboksi ya samaki lingeyeyuka. Nikachonga kidogo ndani betri ikaenda mbele, tangu hapo raha.

Na raha yenyewe ni kwamba inakaa pale unapoiweka. Ukiilaza inabaki imelala, hainyooki mpaka uinyooshe wewe, na kwenye kona usipovuta eleveta (kibao cha mkiani cha kunyanyua pua) kidogo inashuka. Wiki mbili za kwanza nilipunguza mwendo wa servo mpaka asilimia 60 kwenye rimoti maana kidole kikitetemeka tu inabingirika. Kutua nako usikate moto wote kama ile ya zamani, hii ukizima inadondoka, acha mota izunguke kidogo kidogo mpaka matairi yaguse.

Kusi ndo mtihani. Kuanzia mwezi wa tano huku upepo unaamka mapema, mi saa kumi na mbili na nusu nishafika, saa tatu nafunga virago. Ila ile ya kwanza upepo huo ulikua unaipeleka Lindi, hii inaukata.

Kama bado ikija upande wako unachanganya kushoto na kulia, endelea na ya bawa la juu, hii haikusamehi. Na ukae mbali kabisa na uwanja wa ndege.

Lawama yangu ni skrubu za magurudumu, chumvi ya bahari imeshaanza kuzila. Nazipaka mafuta ya cherehani ya mama watoto, bado hajashtuka.